Antena Ndogo na Deni Lake

Tangu mwaka 1973, ilipoanzishwa televisheni ya rangi kisiwani Unguja, hata mwaka 1994, vilipofunguliwa vituo vya kwanza vya Tanzania Bara, watu wachache wa Dar es Salaam waliojaliwa kuwa na televisheni majumbani mwao walikuwa wakitazama matangazo yaliyovuka bahari mwendo wa kilomita 70 hivi. Na nyumba ya mtu wa namna hiyo ilijulikana toka mbali kwa mlingoti wake, bomba refu la chuma lililokazwa kwa waya pande tatu, na juu yake fito za alumini zilizopangwa kama mifupa ya samaki, zote zikielekea kaskazini. Jioni upepo ulipoligeuza bomba lile kidogo tu, picha iliingia chenga, na hapo mmoja alipanda juu ya bati, wa pili akasimama dirishani, wa tatu akabaki mbele ya kioo, na maneno yakapokezanwa: geuza kidogo, rudisha, umepita, hapo hapo, usiguse tena.

Mtoto aliyesimama dirishani, nami nilipata kuwa mtoto huyo, hakukosa kujiuliza jambo moja: ikiwa redio iliyoko mezani yashika London kwa kijiti cha urefu wa dhiraa moja, na London iko mbali kiasi kile, kwa nini televisheni idai mlingoti mzima ili kushika Unguja iliyo ng'ambo ya mkondo tu? Nilidhani ni ujinga wangu, hata nilipokuja kusoma historia ya jambo hili nikakuta kwamba swali lile lile, kwa maneno mengine, liliwashughulisha wahandisi wa Ulaya, Japani na Marekani kwa muda unaokaribia karne moja, na kwamba jawabu lake halikupatikana kwa kubuni kifaa kizuri zaidi bali kwa kuthibitisha, kwa hesabu isiyo na mlango wa nyuma, kiasi ambacho hakuna kifaa kitakachoweza kukipita.

Antena ya kwanza kabisa ilikuwa tayari na dalili ya mgogoro huu ndani yake. Heinrich Hertz, alipokuwa akifanya majaribio yake mjini Karlsruhe katika miaka ya 1886 hadi 1888, alitumia waya ulionyooka, uliokatwa katikati ili cheche iruke hapo, na katika ncha zake mbili akatia mipira ya zinki yenye kipenyo cha sentimita 30. Mipira ile ilihifadhi umeme mwingi nchani, na kwa sababu hiyo waya mfupi ulikuwa na tabia ya waya mrefu zaidi. Basi hila ya kuifupisha antena kwa kuitwisha kitu nchani ina umri ule ule wa antena yenyewe. Lakini Hertz hakuwa na picha ya kupeleka. Alitaka kuiona cheche tu, na cheche haina haja ya usafi.

Haja ya usafi ilikuja na televisheni. Tarehe 2 Novemba 1936 BBC ilianza matangazo yake ya daima kutoka Alexandra Palace, kilimani kaskazini mwa London, na mfumo uliodumu ulikuwa ule wa mistari 405, ambao picha yake ilichukuliwa na mawimbi ya megahezi 45 na sauti yake na mawimbi ya megahezi 41.5. Wimbi la megahezi 45 lina urefu wa mita 6 na sentimita 67, na antena iliyo mwafaka kwake, yaani fito mbili zilizopangwa mstari mmoja na kuunganishwa na waya wa televisheni katikati, yapasa kuwa karibu na nusu ya urefu huo, kiasi cha dhiraa saba. Na kwa kuwa mawimbi yale yalirushwa yakiwa wima, fito nazo zilisimama wima, na nyuma yake wakasimamisha ufito mwingine wa kurudisha mawimbi, hata paa za London zikaota herufi H kubwa za chuma zilizofungwa kwenye dohani. Malkia Elizabeth wa Pili alipotawazwa, tarehe 2 Juni 1953, watu zaidi ya milioni 20 wa Uingereza waliitazama sherehe ile kwenye televisheni.

Wenye nyumba hawakuzipenda herufi zile, wala upepo haukuzipenda. Nafasi iliyo bora kati ya ufito wa mbele na ule wa nyuma ilikuwa takriban robo ya wimbi, yaani mita moja na theluthi mbili, na boriti ya urefu huo juu ya dohani kuukuu ni mzigo. Mafundi wakaanza kusogeza. Walipozikaribisha fito hadi nusu ya nafasi ile, waliona kwamba antena bado yachagua upande, na pengine yachagua vizuri zaidi. Ila fito zilizokaribiana huvutana umeme, ukinzani wa antena hushuka, nao waya uliotengenezwa kwa ukinzani wa omu 70 au 80 haupokei tena sawasawa. Fauka ya hayo, antena iliyobanwa hivyo ilipenda masafa machache na kuyakataa ya jirani: ukiitengeneza kwa picha, sauti yanywea, ukiitengeneza kwa sauti, mistari myembamba ya picha yapotea. Wengine wakazikunja fito zikawa na umbo la X, ambalo halikuhitaji boriti ya katikati na lilikuwa jepesi mkononi, nalo likapendwa sana, ijapokuwa kila aliyelipima aliona kwamba kitu fulani kimelipwa mahali fulani.

Marekani nako kulikuwa na shida ya namna nyingine. Huko mawimbi yalilala, na watu wengi walikaa katika majengo marefu ambamo paa si lao, basi antena ikaingia sebuleni: fito mbili za kuvuta, zilizosimama juu ya televisheni kwa umbo la V, ambazo wenyewe waliziita masikio ya sungura. Chaneli ya chini kabisa, ya pili, huko hutumia megahezi 54 hadi 60, na nusu ya wimbi lake ni mita 2 na sentimita 60. Ni sebule gani iliyokubali kitu cha mita mbili u nusu kikae juu ya kabati la maua? Masikio yakafanywa mafupi, mwenye nyumba akawa ndiye sehemu ya antena iliyokosekana, maana mkono wake ulipoyashika picha ilitulia, na alipokwenda kuketi ilitawanyika. Kila aliyepata kusimama karibu na televisheni, mkono mmoja hewani, huku wenzake wakimwambia abaki vivyo hivyo, alikuwa akikiongezea chombo kile ujazo wake mwenyewe.

Nimelitumia neno ujazo kwa makusudi, kwa kuwa ndilo lililofungua fumbo. Mhandisi Harold Wheeler, mzaliwa wa St. Paul katika jimbo la Minnesota, ambaye alikuwa amekwisha kupata sifa kwa kubuni njia ya redio kujirekebisha sauti yenyewe, alifanya kazi wakati wa Vita vya Pili katika antena za vyombo vya kutambua ndege za adui na za rafiki, mahali ambapo nafasi ni haba na kila inchi ina mwenyewe. Mwaka 1947 alichapisha makala juu ya mipaka ya asili ya antena ndogo. Yeye hakuanza na mawimbi yapaayo angani. Alianza na vitu viwili ambavyo kila fundi wa redio anavijua, koili na kapasita, akavitia kila kimoja ndani ya kopo lenye kimo na upana ule ule, akauliza: katika nguvu inayozunguka ndani ya kitu hiki, ni fungu gani linalotoka nje na kuwa wimbi? Akaona kwamba koili na kapasita, kwa tofauti zao zote, hupata fungu linalokaribiana, na kwamba fungu hilo hufuata ujazo wa kopo ukilinganishwa na urefu wa wimbi uliopandishwa kipeo cha tatu.

Msomaji na asimame hapa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo penye uzito wote. Lau fungu lile lingefuata urefu tu, basi kuipunguza antena nusu kungemgharimu mtu nusu. Lakini kwa kuwa lafuata ujazo, kuipunguza nusu kila upande kunamgharimu mara nane. Kuipunguza hadi theluthi, mara ishirini na saba. Nguvu isiyotoka huzunguka ndani ya antena kama maji yanayokwenda na kurudi katika beseni, na kadiri inavyozunguka mara nyingi kabla ya kutoka, ndivyo antena inavyokuwa na wivu wa masafa: huitikia wimbi moja kwa nguvu na kuyafumbia macho ya pembeni yake. Na antena ni ile ile, iwe yarusha au yapokea.

Mwaka mmoja baadaye, mwezi wa Desemba 1948, Lan Jen Chu, mzaliwa wa Uchina aliyesoma Shanghai kisha akafundisha katika chuo cha MIT, alilifunga suala lile kwa namna ambayo hata leo haijafunguliwa. Wheeler alikuwa ameshika koili na kapasita. Chu hakushika kitu chochote. Alichora tufe hewani, akasema antena iwayo yote na iwe ndani yake, ya umbo lolote atakalolibuni mtu yeyote hata mwisho wa dunia, nasi tusiangalie ndani. Tuangalie mawimbi yanayotoka nje ya tufe tu. Mawimbi hayo akayachambua moja moja, kila moja akalifananisha na ngazi ya kapasita na koili, na kutoka ngazi ile ya kwanza akapata kiasi cha chini kabisa cha nguvu kinacholazimika kuzunguka. Jambo linalonistaajabisha kila nirudipo kwenye hesabu ile ni adabu yake: haimwambii fundi atengeneze nini, bali yamwambia kwamba chochote atakachotengeneza, deni lake halitakuwa chini ya hapa.

Tuichukue hesabu hiyo tuirudishe London. Mtu ataka antena ya sebuleni itakayoenea ndani ya tufe la kipenyo cha sentimita 60, kiasi cha kapu la sokoni, naye ataka ishike megahezi 45. Kwa kanuni ya Chu, nguvu itazunguka ndani yake kwa kipimo cha 48 hivi, na upana wa masafa utakaopita ni megahezi 45 zikigawanywa kwa 48, yaani chini kidogo ya megahezi 1. Lakini sauti na picha za Alexandra Palace zilitandaa upana wa megahezi 6 na zaidi. Basi antena ile, hata ikatengenezwa na fundi asiye na kosa, kwa shaba isiyopoteza hata chembe, itapitisha kiasi cha sehemu moja katika sita ya kile kinachotakiwa. Saketi za kulinganisha zilizowekwa baina ya antena na televisheni zaweza kuupanua mlango huo kiasi, ila nazo zina mpaka wake.

Na sasa redio ya mezani imekwisha kujijibu. Sauti ya mtangazaji wa London haihitaji upana wa megahezi sita. Yatosheka na kilohezi 10 tu, sehemu moja katika mia sita. Kijiti kifupi chapitisha uchochoro, na sauti ni mtu mmoja apitaye uchochoroni. Picha ni msafara.

Ziko njia mbili za kupita penye ukuta huu, na zote mbili zimetumiwa sana madukani. Ya kwanza ni kupoteza nguvu kwa hiari: ukitia kizuizi ndani ya antena, maji yale ya beseni hutulia upesi, na masafa hupanuka. Aliyeona antena ndogo ya mviringo yenye kuahidi chaneli zote, akashangaa kwamba kweli yashika chaneli zote na zote zina chenga sawasawa, ameliona deni likilipwa kwa namna hiyo. Ya pili ni busta, kile kisanduku kidogo chenye umeme wake, ambacho huipokea ishara dhaifu na kuikuza. Wauzaji hukisema kana kwamba kinazalisha ishara. Hakizalishi, hukuza kila kilichomo, na chenga zimo, kisha hutia na zake. Faida yake ya kweli ni pale kinapofungwa juu mlingotini, karibu na antena yenyewe, kabla waya mrefu haujaila ishara. Kikifungwa chini nyuma ya televisheni, hukuza mabaki.

Hata hivyo hukumu hii yahitaji insafu, maana anga nalo lina kauli. Mwaka 1933 Karl Jansky alitangaza kwamba mvumo alioupata katika antena yake kubwa kwenye mashamba ya New Jersey ulitoka katikati ya kundi letu la nyota. Mvumo huo, pamoja na cheche za magari na mashine, ni mkubwa katika masafa ya chini, kiasi kwamba antena hafifu hupoteza ishara na mvumo kwa uwiano mmoja, na msikilizaji asione hasara mpaka mvumo wa nje uzame chini ya ule wa chombo chake. Hii ndiyo sababu ya pili ya kijiti cha redio kutosha. Lakini kadiri masafa yanavyopanda, anga hunyamaza, na katika megahezi mia kadhaa kila kinachopotea katika antena kimepotea katika picha.

Kulikuwako upungufu mwingine wa antena ndogo ambao busta haiugusi kabisa. Antena iliyo ndogo kuliko wimbi lake husikiliza karibu pande zote, na mjini mawimbi hugonga majumba na kurudi, yakachelewa nukta ya nukta, nayo picha ikatoa kivuli upande wa kuume. Dawa ya kivuli ni kuchagua upande, na dawa hiyo ilikuwa imekwisha kupatikana Sendai, katika Chuo Kikuu cha Tohoku, ambako Shintaro Uda, akifanya kazi chini ya Hidetsugu Yagi, alionyesha mwaka 1926 kwamba fito zisizounganishwa na kitu, zikipangwa mbele ya ufito mmoja uliounganishwa, huliongoza wimbi kama vile mifereji. Makala ya Kiingereza ya mwaka 1928 iliandikwa na Yagi, na jina lake likaenea peke yake, jambo ambalo halikuwa haki kwa Uda. Yasemwa kwamba Wajapani walipoiteka Singapore mwaka 1942 walikuta katika daftari la Mwingereza neno Yagi, wasijue kuwa ni jina la mtu wao. Mifupa ya samaki ya mlingoti wetu ni kazi ya watu hao wawili. Nayo, kwa kuwa hununua uelekevu kwa urefu, haiwezi kubanwa bila kurudi katika wivu ule wa masafa.

Kilichoikomboa antena ya televisheni, mwishowe, hakikuwa werevu wa antena. Kilikuwa ni kuhamisha matangazo. Uingereza ilipoanzisha BBC2 mwaka 1964 katika masafa ya juu, kwa mistari 625, wimbi likawa na urefu wa kiasi cha sentimita 50 au 60, na tufe lile lile la kapu la sokoni, ambalo kwa Alexandra Palace lilikuwa jela, likawa sasa ukumbi. Ufito wa nusu wimbi ukawa shubiri moja na kidogo. Tamaa ikahama: kwa kuwa udogo umekwisha kupatikana bure, watu wakataka upana. Waingereza waliyagawa masafa makundi makundi, wakazitia antena rangi nchani, nyekundu, manjano na kijani, kila rangi na kundi lake, ili kila nyumba ipate antena yenye nguvu katika masafa yake tu. Wamarekani walipendelea ile iliyotoka Chuo Kikuu cha Illinois mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa kazi ya Raymond DuHamel na Dwight Isbell, ambayo fito zake hufupika kwa uwiano mmoja toka nyuma hata mbele, na kwa kila chaneli ni fito chache tu zinazofanya kazi, nyingine zikipumzika. Mwenye antena hiyo hubeba fito kumi ili zitumike tatu, na huo ndio ushuru wa upana.

Masafa ya juu yakawasahaulisha watu. Hapo ndipo penye kisa cha Philadelphia, ambacho nakipenda kuliko vyote. Tarehe 12 Juni 2009 vituo vikubwa vya televisheni vya Marekani vilizima mitambo ya analogi, na kwa miaka kadhaa kabla ya hapo watu walikuwa wakinunua antena ndogo za ndani, nyingine bapa kama karatasi ya kubandika dirishani, wakiambiwa kwamba hizo ndizo za dijitali, ingawa antena haijui dijitali wala analogi, yajua urefu wa wimbi tu. Vituo vingi vya mji ule vilikuwa katika masafa ya juu, navyo vikaonekana vyema. Kituo cha WPVI, kilichopendwa sana pale, kilirudi katika chaneli yake ya kale, ya sita, megahezi 82 hadi 88, ambako wimbi lina mita tatu u nusu. Usiku mmoja watu wengi wakakikosa, wala haikuwa kwa chenga, maana katika dijitali picha huganda, huvunjika vipande, kisha hutoweka. Malalamiko yakawa mengi, na kituo kikaomba ruhusa ya serikali kuongeza nguvu ya mtambo, kikapewa. Lakini katika nyumba nyingi dawa ilikuwa stoo. Walishauriwa kuyatoa masikio ya sungura ya zamani, kuyafuta vumbi, na kuuvuta kila ufito hadi sentimita 85 hivi, karibu dhiraa mbili kila upande.